Unyevu wa Saa Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Februari

Kocha ametangaza leo. Klabu yetu ya wakimbiaji imepewa nafasi nne katika mbio za kilomita ishirini na moja, na tatu zimekwisha kupata wenyewe. Imebaki moja. Itaamuliwa Jumapili tarehe 23: kilomita kumi, barabarani, saa tatu asubuhi, jua likiwa limekwisha kunywa chai. Wagombea wawili. Mimi na wifi yangu.

Wifi huyu ni mdogo wa mume wangu. Muuguzi, miaka thelathini na moja. Amejiunga na klabu mwezi wa tisa. Mimi nina miaka arobaini na sita na huu ni mwaka wangu wa nne klabuni, na katika muda wote huo sijakimbia mashindano hata mara moja. Nimekuwa mlinzi wa mabegi. Mwaka wa kwanza, mabegi tisa. Mwaka wa pili, kumi na manne, pamoja na meno ya bandia ya katibu wa klabu, yamefungwa kwenye leso. Katika picha ya pamoja ya mwaka jana kinachoonekana ni paji langu la uso, juu ya rundo.

Mwaka huu sishiki begi la mtu. Naandika hili kwa utulivu kamili.

Jioni wifi alipita nyumbani. Akasema tukimbie pamoja kila asubuhi, wifi yangu, taratibu, mwili uzoee hili fukuto. Nikamshukuru. Nikamwambia nitalifikiria. Nilichofikiria ni kwamba ushauri wa mshindani huchunguzwa mara mbili. Yawezekana namwonea. Yawezekana pia simwonei.

Jumanne, 4 Februari

Nimekimbia nje. Kilomita nne. Nitaeleza kwa haki.

Saa kumi na mbili asubuhi, joto nyuzi thelathini. Unyevu asilimia tisini. Hewa nzito kama blanketi lililofuliwa likaanikwa usoni kwangu. Jasho linatoka lakini haliondoki; linakaa kusubiri wenzake. Kufikia kilomita ya pili miwani ilikuwa ukungu mtupu. Nikaiamkia nguzo ya umeme shikamoo, nikidhani ni mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili. Haikuitikia. Nikaudhika, nikapita. Ukweli niliujua wakati wa kurudi, nilipoikuta imesimama palepale.

Wifi alinipita akiimba. Si kwa sauti kubwa. Lakini mtu anayeimba katika hewa ile anatoa taarifa.

Mume wangu, mfamasia, mtu wa maneno machache yaliyopimwa, alinikuta nimelala jikoni, shavu kwenye vigae. Akauliza kama aite gari la wagonjwa au afagie kwa kunizunguka. Nikamwambia afagie.

Hitimisho la muda: tatizo si mimi. Tatizo ni hewa.

Alhamisi, 6 Februari

Fikra imenijia kazini. Sikuiita.

Mimi ni mtunza nyaraka katika maktaba ya chuo. Chumba changu kina ramani kuukuu, madaftari ya mahakama na barua za watu waliokufa zamani, na karatasi kuukuu haivumilii unyevu. Kwa hiyo kina viyoyozi viwili na mashine ya kukausha hewa, inayonguruma mwaka mzima. Joto nyuzi ishirini. Unyevu asilimia arobaini na tano. Ukutani kuna kipimaunyevu: kalamu nyembamba inayochora mstari kwenye karatasi iliyozungushiwa silinda, juma zima, bila kulala. Kila Jumatatu Mkuu wa Maktaba huja kuichukua karatasi hiyo mwenyewe, kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto mchanga.

Ufunguo ninao mimi.

Nimepima njia ya kuyazunguka makabati kwa futi ya fundi cherehani. Mita arobaini na nne. Kilomita kumi ni mizunguko mia mbili ishirini na saba na robo. Kona zote ni za kushoto. Nikigeuza mwelekeo, kuna droo ya ramani isiyofungika ambayo hunichoma nyonga.

Hoja yangu ni hii. Mwili unaokata roho haujifunzi kitu. Basi uanze kujifunza kasi, mahali penye hewa ya kistaarabu. Joto utalikuta siku yenyewe, kasi ikiwa tayari mkononi. Nimeitafuta kasoro ya hoja hii saa nzima. Sijaiona. Nakiri sikuitafuta kwa bidii.

Ijumaa, 7 Februari

Ushindi!

Saa kumi na mbili kasoro robo nimeingia. Mlinzi wa lango akanisifu: mama, wewe ndiye mfanyakazi pekee hapa. Nikapokea sifa. Si kila sifa lazima isahihishwe.

Kilomita tano kwa dakika ishirini na nane. Kila mizunguko kumi nilihamisha kadi moja ya katalogi kutoka sanduku hadi sanduku. Sikutweta. Miwani safi kama ya duka. Nilipita mbele ya madaftari ya mahakama kwa mwendo ambao hayajauona tangu yaandikwe.

Nimemwambia mume wangu kwamba nimeboreka kwa theluthi moja ndani ya siku tatu. Akauliza nimekimbilia wapi. Nikasema mahali penye masharti yanayodhibitika. Akasema, mke wangu, nje kuna barabara, na haina masharti yoyote. Mwanasayansi asingesema hivyo. Ni mfamasia, anapaswa kuona haya.

Jumatatu, 10 Februari

Kilomita kumi, dakika hamsini na nane. Wifi, kwa taarifa za Kocha, anakimbia nje kwa dakika sitini na nne. Dakika sita! Nimezihesabu tena. Sita.

Saa tatu Mkuu wa Maktaba alikuja kuchukua karatasi. Akaivaa miwani. Akaivua. Akaivaa tena. Akaniomba niangalie nimwambie ninachokiona.

Nikaangalia. Mstari ulikuwa umenyooka kama kawaida hadi Ijumaa alfajiri. Halafu, saa kumi na mbili asubuhi, mlima. Jumamosi saa kumi na mbili, mlima. Jumapili, tambarare. Leo saa kumi na mbili, mlima mkubwa kuliko yote, wenye kilele cha asilimia hamsini na tisa.

Sikuwa nimelifikiria jasho langu kwa upande huo. Kwangu lilikuwa limekauka. Sikujiuliza limekaukia wapi.

Nikamjibu Mkuu kwamba naona milima. Akauliza ina maana gani. Nikasema ni mapema mno kutoa hitimisho. Kila neno lilikuwa kweli.

Mkuu akakaa kwenye ngazi ya kufikia rafu, uso umempauka. Ni mtu mpole, karibu kustaafu, na aliyemtangulia alipoteza masanduku arobaini kwa paa lililovuja. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna maji yanaingia.

Jumatano, 12 Februari

Mkuu ameunda kamati. Wajumbe watatu: yeye mwenyewe, fundi wa viyoyozi, na mimi. Mimi ni katibu.

Fundi ni mtu mfupi, mkimya, mwenye penseli nyuma ya sikio. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akauliza mvua ya mwisho ilinyesha lini. Mkuu akasema wiki sita zilizopita. Fundi akauliza, kwa hiyo maji yalikaa darini wiki sita yakingoja saa kumi na mbili? Mkuu akasema pengine ni bomba. Fundi akasema hakuna bomba upande huu. Kisha akagonga karatasi kwa penseli, hapo kwenye Jumapili.

“Na huu uvujaji, Mkuu, Jumapili unapumzika?”

Nikasema kuna matukio ya asili yenye vipindi maalumu. Fundi akanitazama. Nikainamia daftari langu.

Kumbukumbu za kikao nimeziandika kurasa mbili. Zinanihusu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho na hazinitaji popote. Kama kazi ya uandishi, sijawahi kufanya bora zaidi.

Asubuhi ya leo: dakika hamsini na saba.

Ijumaa, 14 Februari

Fundi amekuja na ngazi. Hakuipanda. Aliiegemeza ukutani, akachuchumaa, akaanza kulitazama zulia.

Zulia letu ni la kijivu. Kuyazunguka makabati sasa kuna njia, imelala na kung'aa kidogo, kama ile wanayopita ng'ombe kwenda mtoni. Sikuwa nimeiona. Nilikuwa juu yake wakati wote.

Fundi akasema: “Mama, hapa pamepita mtu. Ana haraka sana, na hafiki.”

Nikamweleza yote. Nafasi, mabegi, wifi, dakika sita. Alisikiliza kwa heshima hadi nilipofika kwenye mizunguko mia mbili ishirini na saba na robo. Hapo akaishika ngazi kwa mikono miwili, mabega yakimtikisika, na sauti haikutoka. Akaniuliza ile robo naimalizia wapi. Nikamwambia, kwenye barua za wamisionari. Akaketi chini kabisa.

Alipopata pumzi alisema hivi: yeye hufanya kazi juu ya mapaa ya mabati saa saba mchana. Miezi ya mwanzo alizimia mara mbili. Akazoea kidogo kidogo, kwa kupanda paa kila siku. “Sikuzoea kwa kukaa ndani ya friji, mama.”

Nikamshukuru. Nikamkumbusha kwamba huo ni ushahidi wa mtu mmoja. Akasema hatanisema, ila akiulizwa ana kwa ana hatadanganya. Msimamo wa heshima. Umenikera.

Jumapili, 16 Februari

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Mtihani wa aina yake.

Wifi alikuwapo, ametoka kukimbia kilomita kumi na mbili nje, ngozi inang'aa kama ya tangazo la sabuni. Alikunywa maji glasi nne na kusema fukuto sasa halimsumbui, limekuwa kama jirani mwenye kelele tu. Mama mkwe akamsifu. Kisha akanigeukia na kuniuliza mbona natembea kama toroli lenye gurudumu bovu.

Nikasema natembea kawaida. Nikainuka kuchukua chumvi ili kuthibitisha. Nikaugonga mwimo wa mlango kwa bega la kushoto.

Wifi alicheka, kisha akaacha. Akanifuata jikoni akaninong'oneza kama nina maumivu ya nyonga, yeye ni muuguzi, nisione haya, anaweza kunitazama. Nikamwambia sijambo. Akaniuliza nakimbilia wapi siku hizi, maana hanioni barabarani. Nikasema nina ratiba yangu. Akasema haya, wifi, lakini maji unakunywa? Nikasema huko ninakokimbia kiu haiji.

Akanitazama kwa muda. Nadhani alikuwa anahesabu dakika zangu. Au alikuwa na wasiwasi juu yangu. Sura mbili hizo hufanana sana, na sina njia ya kuzitenganisha.

Jumanne, 18 Februari

Kikao cha pili cha kamati. Mambo yameharibika.

Mkuu hajalala siku tatu. Anataka dari livunjwe na masanduku mia sita yahamishiwe kwenye korido, ambako, kwa hakika, kuna unyevu. Yaani nyaraka zitaharibika kwa sababu ya kuokolewa kutoka kwenye jasho langu. Najua nitalala na jambo hili na kuamka nalo. Nilipaswa kusema. Nilifungua kinywa kusema. Nikaiona Jumapili tarehe 23, siku tano tu mbele yangu.

Nikapendekeza uchunguzi zaidi. Dari lisiguswe hadi Jumatatu tarehe 24, ili tupate, nilisema, mfululizo wa takwimu unaoaminika. Mkuu akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema angekuwa na wafanyakazi watano kama mimi asingekuwa na mvi.

Fundi akakohoa. Akakohoa tena. Mkuu akamwambia atafute dawa ya kifua.

Siwezi kujitetea. Naweza tu kuandika kwamba siku tano si nyingi katika maisha ya karatasi yenye miaka mia moja na thelathini. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili. Mara ya pili haikunipendeza, lakini nimeiacha.

Jumatano, 19 Februari

Mpango mpya, nafuu kwa wote! Ikiwa tatizo ni jasho linalotoka, lisitoke. Nimekimbia nikiwa nimevaa koti la mvua la mume wangu, la plastiki, limefungwa shingoni na kwenye vifundo vya mikono kwa mipira ya kufungia fedha benki.

Matokeo kwa nyaraka: bora. Mlima umekuwa kichuguu. Mkuu ametabasamu kwa mara ya kwanza.

Matokeo kwangu: mabaya kupita kiasi. Kwenye mzunguko wa tisini nilikuwa nasikia maji yakitembea ndani ya mikono ya koti. Moyo ukadunda masikioni. Miwani ikafunga ukungu. Ilikuwa sawasawa na kuwa nje! Nimeshika ukuta, nimekaa, nimekunywa maji ya chombo cha maua.

Mazoezi yanayofanana na nje hayana maana yoyote. Kama ningetaka nje, ningeenda nje. Koti nimelirudisha kabatini. Ijumaa nitakimbia kama kawaida, mara ya mwisho, kwa kasi ya siku yenyewe.

Ijumaa, 21 Februari

Naandika haya nikiwa bado na aibu usoni, lakini kumbukumbu ni kumbukumbu.

Leo nilianza mapema, saa kumi na moja na robo. Mzunguko wa mia moja na arobaini. Mwendo mzuri ajabu. Nikasikia ufunguo mlangoni. Kuna ufunguo wa pili! Miaka kumi na moja katika jengo hili na sikuwahi kujua.

Nikazima taa ya mezani, nikajibana nyuma ya kabati la ramani. Aliingia Mkuu. Mkono mmoja beseni, mkono mwingine mwavuli. Alikuwa amekuja kulishuhudia dari kwa macho yake. Akasimama katikati ya chumba, kichwa juu, akangoja saa kumi na mbili.

Sikupumua. Yaani nilijaribu. Mtu aliyekimbia kilomita sita hawezi kuacha kupumua kwa amri. Na kwenye kiwiko changu tone lilijikusanya, likanenepa, likadondoka juu ya bahasha tupu sakafuni.

To.

Mkuu akageuka. Nikajaribu kulizuia la pili kwa kiganja. Likapitia kwenye kidole.

To.

Akaja polepole, ametanguliza beseni, macho darini. Alifika hadi nilipo bila kunitazama. Akaliweka beseni chini ya kiwiko changu, sawasawa kabisa, kwa uangalifu wa mtu anayeweka kombe la udongo la kale. Tone la tatu likalia ndani yake. Ndipo akashusha macho.

Tukasalimiana. Nilimwambia shikamoo, akasema marahaba. Akauliza nafanya nini hapo. Nikasema kama katibu wa kamati naweza kuthibitisha kwamba paa ni zima.

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye ngazi akacheka kwa furaha ya mtu aliyepata habari kwamba mgonjwa wake hana ugonjwa, na kisha akalia kidogo, na kisha akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo. Akasema nitaruhusiwa kuingia saa mbili, na viatu vya kawaida. Nikasema Mkuu, nisamehe. Akasema amekwisha kunisamehe. Ila zulia litachukua muda.

Jumapili, 23 Februari

Siku yenyewe.

Saa tatu asubuhi. Nyuzi thelathini na mbili. Unyevu asilimia themanini na tisa. Kocha, tarishi mstaafu wa posta, mwenye mashavu ya miguu kama mitungi, alituweka mstarini na kutuambia tusifukuzane mapema. Wifi akanipa chupa ya maji. Nikamwambia nina kasi yangu. Jibu lisilohusiana na maji, lakini ndilo lililotoka.

Kilomita ya kwanza: niliongoza. Ya pili: niliongoza kwa mita mia. Nilikimbia kama ninavyokimbia, kama mtu mwenye dakika hamsini na saba mfukoni. Niliona uso wangu katika picha, wote, hadi kidevu.

Kilomita ya tatu hewa iliniingia kifuani na kukataa kutoka. Jasho likanijia lote kwa pamoja, na halikukauka hata tone. Nilisubiri likauke. Katika majuma mawili na nusu nilikuwa nimesahau kwamba si kazi yangu kulikausha. Ilikuwa kazi ya mashine. Halafu barabara, ambayo imenyooka, mimi nikaanza kuikata kushoto. Nikajirudisha. Nikakata tena. Nikaingia kwenye kibaraza cha saluni, nikatoka upande wa pili na taulo la mtu begani.

Kilomita ya tano wifi alinifikia. Hakuimba. Akasema punguza, wifi, punguza kwanza. Nikaongeza.

Kilomita ya saba mtaro ulikuwa kushoto. Nikaukalia.

Nilimwona wifi akienda, mdogo, mdogo zaidi. Nafasi ikienda naye. Kisha nikaona anakuwa mkubwa. Alikuwa anarudi! Akanimwagia maji shingoni, akanishika mapigo ya moyo, akanitukana kwa upendo maneno ambayo sikujua wauguzi wanafundishwa. Nikamwambia aende, amalize, nafasi ni yake. Akasema: “Nikumbuke nini nikishavuka? Kwamba nilimshinda mtu aliyekaa mtaroni? Inuka, mama!” Tukatembea kilomita tatu zilizobaki, amenishika kiuno, yeye upande wa kushoto, kama ukuta.

Saa moja na dakika arobaini na moja. Sote wawili.

Kocha alizima saa yake bila kuitazama. Akasema nafasi ni ya wifi, kila mwenye macho ameona. Wifi akasema haitaki. Arudie jaribio, Jumapili ya tarehe 16 Machi, la sivyo ampe nafasi hiyo katibu na meno yake. Wakavutana kwa maneno mbele yangu kama wazee wa mahari. Kocha akakubali. Kwa sharti moja, akasema akininyooshea kidole: kila asubuhi, nje, na wifi yako, taratibu, na maji.

Nikasema ndiyo. Nililia, lakini kwa jasho lile hakuna aliyeweza kuthibitisha.

Jumatatu, 24 Februari

Siku ya kutafakari kwa uaminifu.

Fundi alisema nizoee nje. Mume wangu alisema nje. Kocha, nje. Wifi alisema hivyo siku ya kwanza kabisa, sebuleni kwangu, bila kulipwa. Watu wanne, fani nne, hawakuwasiliana, na wote wamefika mahali pamoja. Katika taaluma yangu ushahidi wa namna hiyo huitwa mzito.

Nilimdhania wifi vibaya. Ninaliandika hilo hapa kwa wino. Alikuwa na nafasi mguuni mwake, akageuka nyuma. Kesho saa kumi na mbili asubuhi atakuwa getini kwangu na chupa mbili.

Nimeazimia. Kabisa.

Jumanne, 25 Februari

Tumekimbia kilomita tatu, taratibu, nje. Wifi alizungumza njia nzima, mimi niliitikia kwa mkono. Nimefika nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe. Mume wangu alinikuta nimesimama, akanipongeza.

Lazima niseme, hata hivyo, kwamba haikuwa na raha hata kidogo. Wifi anasema siku ya kumi ndipo mwili hukubali. Siku ya kumi! Jaribio liko baada ya siku kumi na tisa. Je, hakuna njia ya kuufikisha mwili hapo haraka zaidi? Nauliza tu. Swali si kosa.

Alhamisi, 27 Februari

Nimelipitia upya jambo zima kwa kichwa kilichotulia, na nadhani tulikosea sote kwa pamoja. Tulisema kosa lilikuwa kukimbia ndani. Lakini ndani kulifanya kazi yake kikamilifu: chumba kikavu kilizalisha mkimbiaji mkavu. Kosa lilikuwa asilimia. Asilimia arobaini na tano ilikuwa ndogo mno. Ukitaka mkimbiaji wa asilimia tisini, hoja inajikamilisha yenyewe.

Nyuma ya idara ya kilimo chuoni kuna nyumba ya miche, ya kioo, ambamo mvuke hupulizwa kila robo saa. Nimepita leo wakati wa chakula cha mchana, kwa matembezi tu. Unyevu, asilimia tisini na sita. Joto, thelathini na nne. Meza za miche zimepangwa katikati, na kuzizunguka kuna njia safi ya zege. Nilikuwa na futi mkobani kwa bahati. Mita thelathini na moja.

Nimemtumia wifi ujumbe kwamba kesho sitatoka, nina mafua mepesi. Amejibu pole sana, wifi, atapita jioni na tangawizi. Nimejisikia vibaya kwa muda ambao sikuupima.

Mtunza miche ni mama mtaratibu, mwenye mabuti ya mpira. Amesema hana shida, mradi nisiguse nyanya, na nifike kabla ya saa kumi na mbili. Alinitazama nikihesabu hatua kuzunguka meza zake, akaniuliza kwa upole kama nimewahi kufikiria kukimbia nje.

Nikamjibu kwamba nje nimejaribu, na matokeo hayakuridhisha.